Jicho Likiumia: Mtoto wa Jicho Anayeletwa na Jeraha na Jinsi Anavyotibiwa

Tuseme ni Jumatatu asubuhi katika banda la jua kali mjini Thika. Fundi anagonga patasi kwa nyundo ili kung'oa bolti iliyoshika kutu. Chembe ya chuma, ndogo kama punje ya mchanga, inaruka na kumgonga jichoni. Anahisi kama amechomwa na mwiba. Machozi yanamtoka, mwenzake anampulizia jicho, na baada ya muda maumivu yanapungua. Anarudi kazini, kwa sababu kibarua kikiachwa nusu, malipo nayo huachwa nusu. Miezi mitatu baadaye anaingiwa na vumbi katika jicho zima, analifumba, na hapo ndipo anapogundua kwamba lile jicho jingine linaona ukungu mtupu.

Fundi huyu ni wa mfano tu, lakini kisa chake hakiwezi kumshangaza mhudumu yeyote wa kliniki ya macho. Ukungu unaomsumbua ni mtoto wa jicho. Wengi wetu tunamjua mtoto wa jicho kama ugonjwa wa wazee, na kweli uzee ndio chanzo chake kikuu. Hata hivyo jeraha linaweza kumleta kwa kijana wa miaka 20, au kwa mtoto ambaye hajaanza shule.

Habari njema ni kwamba mtoto wa jicho wa aina hii anatibika kwa upasuaji. Jambo ambalo wakazi wengi hawajaelezwa ni kwamba matokeo ya upasuaji huo hutegemea sana mambo mawili yasiyofanyika katika chumba cha upasuaji: hatua zinazochukuliwa saa chache baada ya jicho kuumia, na kama mgonjwa atarudi kliniki kila anapoitwa, hata kama jicho haliumi tena.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kiambu ni kaunti ya watu zaidi ya milioni 2.4 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, na sehemu kubwa ya riziki yao hutoka katika kazi za mikono. Thika ni mji wa viwanda, karakana na mabanda ya mafundi. Ruiru inajengwa kila kona, na kila mjengo una saruji, misumari, grainda na vyuma vya kukatwa. Upande wa Juja na Ndarugo kuna machimbo ambapo mawe huchongwa kwa nyundo na patasi. Kuna mashamba ya kahawa ambapo matawi hukatwa, na kuna majani ya mananasi yenye ncha kali. Barabarani kuna bodaboda, na kila mwenye bodaboda anaujua ule mpira wa kufungia mzigo, unaoweza kufyatuka na kurudi usoni kwa kasi.

Jicho halina ngozi nene ya kulikinga na mambo haya. Linalindwa na kope, mfupa unaolizunguka na kinga ambayo mtu mwenyewe ameivaa.

Lenzi ya jicho ni nini

Nyuma ya mboni, yaani ule mduara mweusi ulio katikati ya jicho, kuna lenzi. Ni ndogo kama punje ya dengu, upana wake hauzidi milimita 10. Imetengenezwa kwa maji na protini zilizopangwa vizuri hivi kwamba mwanga hupita bila kizuizi na kutua nyuma ya jicho, kwenye utando wa retina unaopokea picha. Lenzi imefunikwa na ngozi nyembamba mno, na inashikiliwa mahali pake na nyuzi ndogo zinazoizunguka pande zote.

Fikiria ute wa yai. Ukiwa mbichi, unaona kupitia kwake. Ukipata moto unageuka mweupe, na hakuna namna ya kuurudisha ulivyokuwa. Lenzi nayo iko hivyo. Protini zake zikivurugwa na pigo, chuma au umeme, huwa nyeupe na kubaki nyeupe. Ndiyo maana hakuna dawa ya matone, dawa ya mitishamba wala miwani inayoweza kumwondoa mtoto wa jicho. Anayekuuzia dawa ya "kuyeyusha" mtoto wa jicho anakuuzia maji. Tiba iliyopo ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine.

Jinsi jeraha linavyomleta

Madaktari hutenganisha majeraha ya jicho kwa namna yalivyotokea, kwa sababu kila aina ina tabia yake.

Jeraha la kutoboa. Hili huletwa na kitu chenye ncha au kinachoruka kwa kasi: chembe ya chuma, waya, kioo, mwiba, kijiti, kalamu. Ngozi ya lenzi ikichanika, majimaji ya jicho huingia ndani, lenzi huvimba na kuwa nyeupe. Jambo hili linaweza kutokea kwa saa chache au siku chache tu.

Pigo butu. Ngumi, mpira, jiwe lililorushwa, kipande cha ukuni au mpira wa bodaboda unaweza kutikisa jicho bila kulitoboa. Kwa nje jicho linaweza kuonekana limepona kabisa baada ya wiki moja, ilhali ndani lenzi imeanza kuharibika polepole. Hapa mtoto wa jicho anaweza kuonekana baada ya wiki, miezi, au hata miaka, wakati mgonjwa ameshasahau alipigwa na nini.

Kemikali. Saruji, chokaa, magadi makali ya kutengenezea sabuni na asidi ya betri huunguza jicho. Saruji na chokaa ni hatari zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa hupenya ndani na kuendelea kuunguza kama hazikuoshwa.

Umeme na joto kali. Mtu aliyepigwa na umeme mkubwa anaweza kupata mtoto wa jicho baadaye. Pia anayefanya kazi miaka mingi mbele ya tanuri bila miwani ya kinga yumo hatarini.

Neno moja kwa welda. Mwanga wa kulehemu bila kinga huunguza uso wa jicho, na maumivu yake huja usiku, kana kwamba jicho limejaa mchanga. Mara nyingi hali hiyo hupoa kwa siku moja au mbili. Hilo ni tofauti na cheche au chembe ya chuma kuingia jichoni. Kama ulihisi kitu kikikugonga, usiseme ni "mwanga tu". Nenda ukapimwe.

Saa za kwanza

Huduma ya kwanza ya jicho haihitaji vifaa vingi. Inahitaji kujua la kufanya, na zaidi la kutofanya.

Ikiwa ni kemikali, osha kwanza, safari baadaye. Tumia maji safi yoyote yaliyo karibu: ya mfereji, ya mtungi au ya chupa. Mwache mgonjwa ainamishe kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasimwagikie jicho zima, shikilia kope ziwe wazi, na umwage maji taratibu kwa dakika 15 hadi 30 bila kukatiza. Kama ni saruji au chokaa, toa madonge yaliyojificha chini ya kope kwa kitambaa safi chenye maji. Baada ya hapo mpeleke hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Ikiwa jicho limetobolewa, au unashuku limetobolewa, usilioshe, usilifikiche na usilibonyeze. Kama kuna kitu kimechomeka, usikitoe. Kata kitako cha kikombe safi cha karatasi au plastiki, kiweke juu ya jicho kiegemee mifupa ya usoni bila kugusa jicho lenyewe, na ukishike kwa plasta. Mgonjwa asile wala asinywe chochote njiani, kwani huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji siku hiyo hiyo. Asimeze aspirini, maana huongeza kutoka damu.

Ikiwa ni pigo butu, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya uvimbe wa kope bila kukandamiza jicho, kisha nenda ukapimwe. Damu inayoonekana ndani ya jicho, kuona vitu viwili viwili, kutoona vizuri au maumivu makali ni dalili za kukimbia, si za kungoja.

Na kuna mambo ambayo yamepoteza macho mengi. Usitie maziwa, hata yawe ya mama. Usitie asali, maji ya chumvi, mkojo wala majani yaliyokamuliwa. Usitoe kibanzi kwa ulimi, kwa njiti ya kiberiti wala kwa ncha ya kitambaa. Kinywa kina viini, na jicho lililochubuka ni mlango wazi. Usinunue matone dukani bila kupimwa. Baadhi ya matone yana dawa za steroidi. Hizo hupunguza wekundu na kumfanya mtu ajione amepona, huku zikiacha viini vikistawi. Zikitumiwa kwa muda mrefu, zenyewe huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho.

Wapi pa kwenda

Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kulikinga jicho, kutoa sindano ya pepopunda na kuandika rufaa. Kwa wakazi wa Thika, hospitali kubwa ya kaunti ni Thika Level 5; kwa wakazi wa Ruiru, kuna Ruiru Level 4. Jeraha linalohitaji mtaalamu zaidi huelekezwa kwa daktari bingwa wa macho. Upande mwingine wa kaunti yetu kuna Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambayo kitengo chake cha macho hupokea wagonjwa kutoka sehemu nyingi za nchi, na jijini Nairobi kuna Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Ukifika, sema ukweli wote: ulikuwa unafanya nini, ulikuwa unagonga nini kwa nini, saa ngapi, na umetia nini jichoni. Daktari akijua kwamba chuma kilikuwa kinagonga chuma, atatafuta chembe ndani ya jicho hata kama tundu lake ni dogo kiasi cha kutoonekana. Mzazi naye amhakikishie mtoto kwamba hatapigwa. Watoto wengi huficha jeraha la jicho kwa sababu walikuwa wanacheza mchezo waliokatazwa, na siku zinazopotea kwa hofu hiyo ni siku za jicho.

Vipimo vya hospitalini

Kwanza utapimwa kuona, jicho moja baada ya jingine, kwa ubao wa herufi au alama. Kisha daktari ataangalia jicho kwa darubini ya mezani yenye mwanga mwembamba, aone kama kuna mchaniko, kama lenzi imehama mahali pake na kama kuna damu ndani. Presha ya jicho hupimwa pia, isipokuwa kama jicho liko wazi.

Lenzi ikiwa nyeupe kabisa, daktari hawezi kuona nyuma yake. Hapo hutumika kipimo cha mawimbi ya sauti, kama kile wanachopimwa akina mama wajawazito, kuona kama retina iko mahali pake. Chembe ya chuma hutafutwa kwa picha ya eksirei au ya CT. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku, hakifai kwa anayeshukiwa kuwa na chuma jichoni, kwa sababu sumaku inaweza kukisogeza. Chembe ya chuma ikiachwa ndani, hushika kutu na sumu ya kutu hiyo huua retina polepole. Ndiyo maana "haliumi tena" si sababu ya kubaki nyumbani.

Upasuaji, na kwa nini wakati mwingine ni mara mbili

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Mtu anafika na jicho lililochanika, anashonwa, anaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Anadhani ameshatibiwa, au anadhani daktari ameshindwa, na harudi.

Ukweli ni kwamba jicho lililotobolewa lina kazi mbili. Ya kwanza ni kufunga jeraha na kuzuia viini, na hiyo haingoji. Ya pili ni kuondoa mtoto wa jicho. Lenzi ikiwa imepasuka vibaya na kumwaga ute wake ndani ya jicho, daktari anaweza kuitoa siku hiyo hiyo. Lakini mara nyingi ni salama zaidi kungoja uvimbe utulie na kidonda kipone. Kungoja kuna faida nyingine: lenzi mpya huchaguliwa kwa kupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele, na vipimo hivyo havitoki sawasawa kwenye jicho lililovimba.

Siku ya upasuaji, mtu mzima kwa kawaida huchomwa sindano ya ganzi karibu na jicho na kubaki macho; mtoto hulazwa usingizi. Daktari hupasua tundu dogo, hufungua ngozi ya lenzi, hutoa lenzi iliyoharibika, na huweka lenzi ya bandia mahali pake. Kwa mtoto wa jicho wa uzee kazi hii mara nyingi huisha kabla ya nusu saa. Kwa jicho lililoumia inaweza kuchukua muda zaidi, kwa sababu nyuzi za kushikilia lenzi huenda zimekatika, mboni imechanika, au ute mzito ulio nyuma umesogea mbele. Wakati mwingine lenzi mpya hulazimika kushonwa ndani ya jicho, na wakati mwingine haiwezekani kuiweka siku hiyo, na mgonjwa huona kwa lenzi ya kubandika au miwani hadi upasuaji mwingine.

Lenzi hiyo ya bandia yenyewe ilizaliwa kutokana na majeraha ya macho. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley alitibu marubani waliovunjikiwa na vioo vya ndege, vilivyokuwa vya plastiki ngumu, na vipande vikaingia machoni mwao. Aliona kwamba vipande hivyo vilikaa ndani bila jicho kuvikataa. Akawaza: kama jicho linavumilia plastiki hii, kwa nini lisitengenezewe lenzi kwayo? Mwaka 1949, katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, aliweka lenzi ya kwanza. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo lenzi za aina hiyo huwekwa kwa mamilioni ya watu kila mwaka duniani kote.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa hupewa matone ya kutumia kwa wiki kadhaa na kinga ya kufunika jicho usiku. Osha mikono kabla ya kutia dawa, na ncha ya chupa isiguse jicho. Usifikiche. Usibebe mzigo mzito, usiingize maji ya kuogea jichoni, na usirudi kwenye saruji, vumbi au grainda hadi daktari akuruhusu. Kwa kibarua wa mjengo hilo ni sharti gumu, kwa hiyo ni vyema familia ipange mapema nani atashika majukumu kwa wiki hizo.

Rudi hospitali mara moja, bila kungoja tarehe ya kadi, ukiona mojawapo ya haya: maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, usaha, kuona kunakopungua, miale kama ya kamera, madoa meusi mengi yanayoelea, au kivuli kama pazia. Dalili tatu za mwisho zinaweza kumaanisha retina inabanduka, na hiyo hutibiwa kwa haraka au haitibiki.

Jicho lililoumia linahitaji kupimwa presha mara kwa mara, angalau kila mwaka, kwa maisha yote. Pigo linaweza kuharibu njia ya kutolea maji ya jicho, na presha ikapanda kimya kimya baada ya miaka mingi. Pia mara chache sana, baada ya jicho moja kutobolewa, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia hata jicho zima. Kwa hiyo jicho zima likianza kuwa jekundu, kuumia kwenye mwanga au kuona ukungu, wiki au miezi baada ya ajali, nenda mara moja. Matibabu ya mapema huliokoa.

Baadhi ya watu huona ukungu tena baada ya miezi au miaka. Mara nyingi si mtoto wa jicho aliyerudi, bali ngozi ya lenzi iliyoachwa nyuma imepata utando. Hiyo husafishwa kwa miale ya leza kwa dakika chache, bila kupasua.

Utaona kiasi gani?

Upasuaji huondoa ukungu wa lenzi. Hauondoi kovu la kioo cha mbele, wala haufufui retina au mshipa wa jicho uliokufa. Mwulize daktari kabla: "Nyuma ya jicho langu kukoje?" Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia utarajie nini. Wengi ambao jeraha liliishia kwenye lenzi hurudi kuona vizuri. Hata anayeona vizuri atahitaji miwani ya kusomea, kwa kuwa lenzi ya bandia haibadiliki umbo kama ile ya asili.

Kwa yule ambaye macho yake hayatarudi, maisha hayaishii hapo. Thika ndiyo yenye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na wanafunzi waliopitia huko wamethibitisha jambo hilo miaka yote hii.

Mtoto hangoji

Kwa mtoto mdogo kuna saa nyingine inayohesabu. Ubongo wake bado unajifunza kuona, na mafunzo hayo hukamilika akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Jicho moja likizibwa na ukungu katika umri huo, ubongo huliacha na kutegemea jingine. Likija kupasuliwa baada ya kuchelewa, lenzi itakuwa safi lakini jicho halitaona vizuri, kwa sababu ubongo umelisahau. Ndiyo maana mtoto hupasuliwa mapema, kisha hupewa miwani, na jicho lake zima hufunikwa kwa saa fulani kila siku ili lile lililotibiwa lilazimike kufanya kazi. Mtoto atalia na kubandua. Mzazi avumilie, maana kufunika huko ni nusu ya tiba.

Mtoto mdogo hasemi "sioni". Tazama kama mboni yake ina weupe, kama jicho limeanza kukengeuka, au kama analia ukifunika jicho moja lakini si jingine.

Haki yako kazini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, ikiwemo miwani kwa kazi zinazohatarisha macho. Miwani ya jua si kinga. Kioo chake huweza kuvunjika na kuongeza jeraha.

Ukiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inakulinda. Mwarifu mwajiri au msimamizi mara moja, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu aarifiwe, na kugharamia matibabu. Madai ya fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kibarua asidhani hana haki kwa sababu hakuandikiwa barua: Sheria ya Ajira inatambua hata mkataba wa mdomo.

Kumbuka kwamba mtoto wa jicho wa pigo butu anaweza kuja baada ya miezi. Kama hakuna rekodi ya siku ile, itakuwa vigumu kueleza alitoka wapi. Hata ukiona ni jambo dogo, ripoti, pimwa, na uhifadhi karatasi za hospitali. Rekodi hiyo ni ushahidi wako.

Malipo

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Unaweza kujisajili kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Jisajili na ulipe mchango kabla ya kuumia, na ukifika hospitalini uliza dawati la SHA ni gharama zipi za upasuaji na lenzi zinazolipiwa, ili usikwame katikati ya matibabu. Lakini jeraha ni dharura: nenda kwanza ukaangaliwe, mambo ya kadi yafuate.

Jipime leo

Fundi wa mfano wetu aligundua kwa bahati. Wewe huhitaji bahati. Leo jioni simama mbele ya kalenda iliyo ukutani. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, soma tarehe, kisha ubadilishe. Wapime na watoto, na baba au mama aliyewahi kupigwa jichoni zamani. Jicho moja likiwa na ukungu ambao jingine halina, nenda kliniki ya macho wiki hii.